Uanachama na programu za msimu kituoni: mwongozo kamili kwa wanaoendesha vituo vya mitaa Unguja na Pemba

Kila baada ya miezi michache nauliza au naulizwa swali lile lile na wenzangu wa vituo vingine: "Tuliandikisha watu tisini, sasa wanakuja kumi na wawili. Tumekosea wapi?" Nimekaa miaka sita nikishika daftari la fedha la kituo kimoja cha michezo na burudani upande wa Wete, Pemba, na makosa hayo nimeyafanya yote, mengine mara mbili.

Kosa kubwa ni kuuza uanachama wa mwezi kwa mwezi kwa watu ambao maisha yao hayaendi kwa mwezi. Pemba mtu ana pesa karafuu zikiiva, na wakati huo hana nafasi hata ya kulala. Masika ana nafasi, na hapo mfukoni hamna kitu. Kijana anayefanya kazi hoteli za Nungwi au Paje yuko vivyo hivyo: Disemba na Agosti ana mshahara hana siku ya kupumzika, Aprili na Mei amerudishwa nyumbani anahesabu dari. Kituo kinachodai ada siku ile ile kinapoanza mchezo kitamkosa huyu mwaka mzima.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele yako ni kutenganisha wakati wa kulipa na wakati wa kucheza. Mengine yote hapa chini yanafuata hapo.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu na za miladi pamoja.
- Jaduweli ya maji kupwa na kujaa, kama kituo chenu kiko pwani.
- Karatasi tatu za manila na kalamu za rangi nne.
- Kaunta buku moja kubwa. Kompyuta ikiwepo sawa, lakini kaunta buku halizimiki umeme ukikatika.
- Kitabu cha risiti chenye nakala.
- Kadi za wanachama. Manila iliyokatwa na kupigwa muhuri inatosha.
- Ruhusa ya maandishi ya kutumia kiwanja au jengo, na sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) awe anajua nini kinaendelea.
- Akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na laini ya kupokelea pesa za simu iliyo ya kituo. Msitumie laini ya katibu. Siku mtakapogombana na katibu mtaelewa kwa nini.
- Sanduku la huduma ya kwanza na orodha ya watu watatu wenye gari au vespa.

Hatua ya 1: Chora mwaka wa mtaa wenu

Hapa ndipo wengi wanaporuka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usikae peke yako. Waite watu watano: mvuvi, mama anayelima mwani au kuchuma karafuu, mwalimu wa skuli, mwalimu wa chuoni (madrasa), na kijana mmoja anayetoka nje kufanya kazi. Ubandike manila ukutani, uandike miezi kumi na miwili juu, halafu mchore mistari minne, kila mmoja kwa rangi yake.

*Mstari wa mvua na upepo.* Masika huanza katikati ya Machi na kuendelea hadi Mei; kiwanja cha udongo hakifai. Juni hadi Septemba ni kusi, na kipupwe ndani yake: jua si kali, ardhi imekauka, mpira unachezeka hadi giza. Vuli hunyesha Oktoba hadi Disemba kwa manyunyu ya kuja na kuondoka. Kisha kaskazi, joto la Januari na Februari ambalo mazoezi ya saa tisa mchana ni kumuonea mtoto.

*Mstari wa ibada.* Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2026 iliangukia Februari na Machi, na ikiendelea kurudi hivyo, mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza Januari na nyengine mwisho wa Disemba. Ndiyo maana ratiba ya mwaka juzi haifai kunakiliwa. Weka pia siku nne za sikukuu ndogo, siku nne za sikukuu kubwa ya Mfungo Tatu, na maulidi ya Mfungo Sita. Siku za sikukuu watoto wako kwenye viwanja vya sikukuu vya Tibirinzi, Kariakoo au Mnazi Mmoja na nguo mpya na pesa za sikukuu mkononi. Usishindane na bembea, utashindwa.

*Mstari wa skuli.* Mwaka wa masomo huanza Januari. Weka wiki za mitihani na likizo, na ukumbuke kwamba mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba. Andika pia nani anasoma mkondo wa asubuhi na nani wa mchana, kisha uweke saa za chuoni juu yake. Mwalimu wa chuoni ukimuuliza kabla, atakutangazia programu. Ukimpita, atakufungia watoto kwa neno moja tu.

*Mstari wa kazi.* Pemba, karafuu. Kwa kawaida huanza kuiva baada ya katikati ya mwaka na kuendelea kwa miezi, lakini mwaka hadi mwaka hazifanani, kwa hiyo sikiliza wenye mashamba wanasema nini mwezi Juni. Kumbuka kwamba kazi haiishii mtini. Jioni familia nzima imekaa inachambua, karafuu huku na makonyo (vijiti vyake) kule, na mtoto wa miaka tisa ana sehemu yake. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilifungua mpira wa watoto mwezi Agosti, mwaka wa karafuu nyingi. Tulinunua mipira minne. Tukacheza mimi na mlinzi.

Pwani ya mashariki ya Unguja, weka mwani na bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana. Siku za bamvua maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi, na akina mama wako mashambani baharini kuanzia mapema. Darasa la asubuhi la wanawake wiki hiyo halina mtu. Wiki ya maji mafu, maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, wako nyumbani.

Utajua umefaulu pale utakaposimama hatua tatu nyuma ya ile karatasi ukaona matundu meupe, yaani wiki ambazo mistari yote minne haijazigusa. Hayo ndiyo mali yenu.

Tahadhari: kama matundu hayaonekani, mmeandika mambo ya kila mtu. Chagueni kundi moja kwanza, mchore upya kwa ajili yake.

Hatua ya 2: Kata misimu

Usilazimishe misimu minne yenye urefu sawa. Kata kwa kufuata matundu. Sisi tuna mitatu:

1. *Msimu wa kipupwe*, wiki kumi kuanzia mwanzo wa Juni. Mpira wa miguu, mpira wa pete, nage, riadha. Huu ndio msimu mkubwa. Mwaka wa karafuu nyingi tunaufupisha uwe wiki saba.
2. *Msimu wa ndani*, wiki nane za masika. Bao, keremu, dhumna, ushoni, masomo ya ziada, na mazoezi ya viungo ukumbini. Hauhitaji kiwanja, unahitaji paa lisilovuja.
3. *Msimu wa mazoezi*, wiki sita za Novemba na Disemba, alfajiri. Unaishia Januari Mosi, siku ya mazoezi kitaifa hapa Zanzibar, ambapo vikundi hutoka na sare zao. Watu wazima wakiwa na siku ya kujionyesha mbele yao, huamka.

Ramadhani haihesabiwi kuwa msimu wa kulipia. Fungueni baada ya tarawehe kwa dhumna na keremu, bure, chai ya tangawizi iwepo. Masika ikigongana na Ramadhani, msimu wa ndani usogezwe wote. Usiukate katikati kwa sababu atakayeondoka wiki ya tatu harudi baada ya sikukuu.

Kila msimu uwe na tarehe ya kuanza na tarehe ya kufunga, zote mbili zikiandikwa kwenye kadi. Msimu usio na mwisho ni deni, na mtu akinusa deni hukaa nyumbani.

Hatua ya 3: Panga saa kwa kufuata adhana

Saa za watoto ni zile kati ya sala ya alasiri na magharibi. Ni kama saa mbili tu, na zinabadilika. Jua la Novemba huzama mapema, la Februari huchelewa kwa karibu nusu saa. Ratiba inayosema "saa 10:15 hadi saa 12:15" mwaka mzima itamkuta mtoto njiani wakati wa adhana, na mama yake hatamleta tena. Andika "baada ya alasiri, hadi dakika ishirini kabla ya magharibi". Kila mtu anaelewa.

Watu wazima: baada ya alfajiri. Wazee wa bao: wakati wowote wanaotaka, na usiwasumbue. Wazee wakikaa barazani na bao lao, hakuna mpira unaopotea wala dirisha linalovunjwa. Kituo kinapata ulinzi wa bure na wao wanapata kivuli.

Saa za wanawake zinahitaji maneno zaidi. Kutenga siku mbili kwa wiki hakutoshi ikiwa vijana wa kiume wamekaa ukutani wanachungulia. Mambo manne lazima yawepo: mwalimu mwanamke, uzio au mapazia ya turubai, mlango wenye mtu mzima anayeheshimika, na saa isiyogongana na kupika wala maji kupwa. Sisi tulikosa la pili tu, tukabaki na wanawake watatu kati ya ishirini na sita. Turubai likapatikana, wakarudi.

Dalili ya kufaulu: kwa wiki mbili za majaribio, bila ada, angalau nusu ya waliosema watakuja wamekuja. Chini ya hapo, badilisha saa kabla hujagusa suala la pesa.

Hatua ya 4: Hesabu gharama, ndipo utaje ada

Ada ya kubahatisha ndiyo inayoleta maneno. Nitatoa mfano wa msimu wa wiki kumi. Tarakimu ni za mfano, weka zenu.

- Nauli na posho ya walimu wawili, 10,000 kila mmoja kwa wiki: 200,000
- Mipira miwili: 60,000
- Chokaa, nyavu na kamba: 40,000
- Umeme na maji ya kunywa: 50,000
- Vifaa vya huduma ya kwanza: 30,000
- Kadi, risiti, uchapaji: 20,000

Jumla ni shilingi 400,000. Tuseme mnategemea watu 60. Usigawe kwa 60. Gawa kwa theluthi mbili, yaani 40, upate 10,000 kwa msimu mzima. Sababu ni kwamba kuna watakaoandikwa wasilipe, na kuna ndugu wa nyumba moja watakaolipa pungufu. Ikizidi, mnanunua mpira wa tatu na hakuna atakayelalamika.

Unapotangaza, sema "elfu kumi kwa wiki kumi". Ukisema "elfu moja kwa wiki" watu watataka kulipa wiki kwa wiki, na utageuka mkusanyaji madeni.

Hatua ya 5: Aina za uanachama

Zisizidi nne. Kila aina ya ziada ni ugomvi mpya mlangoni.

*Mtoto*: ada kamili kwa wa kwanza, nusu kwa wa pili, wa tatu na kuendelea bure. *Mtu mzima*: ada kamili. *Mzee*: bure, ila anapewa kadi, na kadi hiyo ataionyesha kila mahali. *Mgeni*: mtoto aliyekuja likizo kwa bibi yake kutoka Mjini, Tanga au Dar es Salaam; analipa kwa wiki.

Yatima na asiye na uwezo anaandikwa kama wengine, kadi ile ile, risiti ile ile yenye neno "imelipwa". Aliyemlipia anajulikana na mweka hazina peke yake. Mtoto akiitwa "wa msaada" mbele ya wenzake siku moja, hamtamuona ya pili.

Hatua ya 6: Pokea ada mapema, wakati pesa ipo

Hapa ndipo lile jambo la mwanzo linapofanya kazi.

Fungueni malipo ya msimu ujao wakati watu wanauza, si wakati mnafungua kiwanja. Karafuu zikipelekwa kuuzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, mtu anarudi na fedha taslimu, na kabla haijageuka mabati na harusi, elfu kumi ya watoto ni rahisi kutoka. Tunapokea wakati huo malipo ya msimu wa ndani wa masika. Anayelipa mapema anapunguziwa kidogo, tuseme elfu mbili. Kwa watu wa hoteli, mwisho wa Agosti na mwisho wa Januari. Kwa wakulima wa mwani, siku mnunuzi anapopita kijijini.

Fanya hivi:

1. Tangaza kwa siku saba: kwa sheha, kwa walimu wa chuoni, kwenye kundi la simu la mtaa, na karatasi dukani.
2. Pokea kwa siku tatu tu, mahali pamoja. Watu wawili mezani: mmoja anaandika, mmoja anashika pesa. Asiwe mtu mmoja anayefanya yote mawili, hata akiwa ni imamu.
3. Kwenye kaunta buku andika namba, jina kamili, umri, jina la mzazi na simu yake, nyumba iko jirani na nini, maradhi kama pumu au kifafa, kiasi, namba ya risiti.
4. Mpe risiti papo hapo. Pesa ya simu: subiri ujumbe ufike kwenye laini ya kituo, usisome ujumbe kwenye simu ya mlipaji.
5. Pesa ikae benki siku ya pili yake asubuhi.

Onyo: pesa ya msimu ujao haitumiki msimu huu. Kuna mwaka tulikopa humo kununua jezi kwa ajili ya mashindano, tukisema tutarudisha. Masika ilipofika tulikuwa na wanachama 34 waliolipa na hatukuwa na pesa ya taa. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na nyumba mbili sikufunguliwa mlango.

Kama mna darasa la kuogelea

Hili lina kanuni zake na halifuati misimu ya juu. Kusi kikivuma, acheni, khasa pwani ya mashariki. Wakati mzuri ni kaskazi na zile wiki za bahari shwari baina ya pepo mbili.

Saa ichaguliwe na maji. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alasiri, sawasawa na watoto wanapotoka. Wiki ya maji mafu, saa kumi hiyo hiyo maji yamepwa na ufuo wenye mteremko mdogo hauna kina. Kwa hiyo darasa la alasiri huwa wiki moja liko, wiki moja halipo, na kila siku maji husogea mbele kama dakika hamsini. Toeni ratiba ya tarehe, msiseme "kila Jumamosi".

Bamvua ina mkondo mkali maji yakianza kutoka. Ingieni maji yakiwa bado yanajaa, mtoke yakisimama. Mtu mzima mmoja ndani ya maji kwa watoto watano, mwengine ufuoni anahesabu vichwa. Dumu tupu la lita tano lililofungwa kifuniko barabara linatosha kumfundishia mtoto kuelea. Wasichana waogelee na nguo za kujisitiri zilizobana mwili. Baibui likilowa linamvuta chini.

Wazazi wa visiwani hawahitaji kuhubiriwa umuhimu wake. Tangu Septemba 2011 na Julai 2012, meli za Spice Islander na Skagit zilipozama, kila mtaa una anayekumbuka.

Hatua ya 7: Iangalie wiki ya tatu

Wiki ya kwanza wanakuja wote, ya pili wengi. Ya tatu ndiyo inayosema kweli. Hesabu mahudhurio ya kila siku na uyaandike. Wiki ya tatu ikishuka chini ya nusu ya walioandikwa, piga simu kwa kumi waliopotea. Usiwaulize "mbona huji?", swali hilo humfanya mtu ajitetee. Uliza, "Bi mkubwa, saa ile inawafaa hapo nyumbani?" Utaambiwa yote: mwalimu anafokea, njia ina mbwa, dada mkubwa ameanza kuchukua mtoto chuoni saa hiyo hiyo.

Rekebisha jambo moja kwa wakati. Ukibadilisha saa, mwalimu na mahali kwa pamoja, hutajua kilichosaidia.

Hatua ya 8: Funga msimu hadharani

Siku ya mwisho iwe na mechi, maji ya miwa au urojo, na vyeti vya karatasi kwa watoto. Kabla ya mechi, mweka hazina asimame asome: tulipokea kiasi hiki, tukatumia hiki, kimebaki hiki, risiti hizi hapa juu ya meza. Dakika tano. Mara ya kwanza nilitetemeka, na mzee mmoja wa bao aliuliza kwa nini chokaa imenunuliwa mara mbili. Ilikuwa imenyeshewa na mvua ya vuli kwenye banda lisilo na mlango. Wakacheka, wakachanga mlango.

Papo hapo weka meza ya uandikishaji wa msimu unaofuata, na kaunta buku limefunguliwa ukurasa mpya wenye tarehe mbili juu, ya kuanza na ya kufunga.